Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi? Somo la Kutafuta Uvujaji Katika Injini ya Lori

Kata ya Kibamba imepitiwa na Barabara ya Morogoro, njia kuu ya mizigo inayotoka Bandari ya Dar es Salaam kuelekea mikoa ya bara na nchi jirani za Zambia na Kongo. Wakazi wengi wa kata hii huishi kwa kazi zinazotokana na barabara hiyo. Wapo wenye malori ya mchanga na kokoto, madereva wa safari ndefu, mafundi wa gereji, mautingo, na mama lishe wanaowahudumia wote hao. Injini moja inapokufa, kaya kadhaa hukosa riziki kwa wakati mmoja.

Miongoni mwa mambo yanayoua injini za malori, kupungua kwa maji ya rejeta ni jambo linaloanza kimya kimya na kuzoeleka upesi. Dereva huona maji yamepungua, huongeza lita mbili, kisha huendelea na safari. Kesho yake hufanya vivyo hivyo. Baada ya wiki chache dumu la maji huwa sehemu ya vifaa vya lori kama jeki na spana. Hatimaye lori huchemsha mlimani, hedi hupinda, na mmiliki huambiwa gharama ambayo hakuitarajia.

Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yaliyomo huzunguka na kurudi, hayatumiki kama mafuta ya dizeli. Kwa hiyo yakipungua, yapo mahali yanapopitia. Makala hii inaeleza namna ya kupatafuta mahali hapo kwa utaratibu, kuanzia uchunguzi usio na gharama hadi ule wa gharama kubwa, ili hedi isifunguliwe bure na tatizo dogo lisiachwe likakua.

Mfumo unavyofanya kazi

Injini ya lori kubwa huweza kubeba lita 30 hadi 50 za kulanti, yaani maji yaliyochanganywa na dawa ya kupoza. Wota pampu huyasukuma kuzunguka silinda na hedi, ambako huchukua joto. Themostati hufunguka joto likifika kiwango chake, na maji hupita katika rejeta ambako feni na upepo huyapoza. Kisha hurudi kwenye injini kuanza mzunguko upya.

Mfumo huu hufanya kazi kwa presha, na anayeitunza presha hiyo ni mfuniko wa rejeta au wa tenki la akiba. Mifuniko mingi ya malori huzuia presha ya kati ya bar 0.7 na bar 1, na kipimo chake huandikwa juu yake. Faida ya presha ni kuinua kiwango cha joto ambacho maji huchemkia. Maji yaliyo wazi hapa pwani huchemka yakifika nyuzi joto 100. Yakibanwa kwa bar 1, huchemka karibu na nyuzi 120.

Hapo ndipo jiografia ya nchi inapoingia. Kadiri barabara inavyopanda, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema zaidi. Katika mwinuko wa mji wa Iringa, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95. Lori lenye mfuniko uliolegea laweza kufanya kazi wiki nzima kati ya Kibamba na Kibaha bila dalili, kisha likachemsha siku ya kwanza linapopanda mlima Kitonga likiwa na mzigo. Dereva hulaumu mlima, ilhali kosa lilitoka nalo nyumbani.

Usalama kwanza

Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa ghafla hugeuka mvuke na kuruka usoni na kifuani mwa aliyefungua. Injini iachwe ipoe kabisa, hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa na kubonyezwa kwa mkono bila kuhisi joto wala ugumu. Lori liegeshwe mahali tambarare, liwekewe vigingi kwenye matairi, na kabini isiinuliwe mtu akiwa ndani au mbele yake.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta na unga visipakwe kwenye jeraha.

Hatua ya kwanza: kupima upotevu

Uchunguzi mzuri huanza na daftari. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, dereva aangalie kiwango cha maji kwa kufuata alama za tenki na aandike mambo matatu: kilomita zilizosomwa, lita zilizoongezwa, na kazi iliyofanyika siku iliyotangulia. Rekodi ya siku tano au sita humweleza fundi mengi. Maji yanayopungua lori likiwa limelala tu huelekeza kwenye uvujaji wa nje. Yanayopungua siku za mlima na mzigo mzito pekee huelekeza kwenye mfuniko, rejeta iliyoziba, au gasketi ya hedi. Yanayopungua kwa kiasi kilekile kila siku, bila kujali kazi, huelekeza kwenye tundu la kudumu.

Ikumbukwe pia kwamba tenki likijazwa kupita alama ya juu, maji ya ziada hutolewa na mfuniko yanapopanuka kwa joto. Mtu anayejaza hadi juu kila asubuhi atayakuta yamepungua kila jioni, na lori lake huenda halina ugonjwa wowote.

Hatua ya pili: kuangalia nje

Uvujaji mwingi huonekana kwa macho, mradi mtu aangalie saa inayofaa. Saa hiyo ni alfajiri, kabla ya injini kuwashwa. Zipo klampu za mipira ambazo huvuja zikiwa baridi na kuziba zenyewe injini inapopata moto, hivyo fundi anayekagua saa sita mchana hataona kitu. Kinyume chake, tone linaloangukia kwenye turbo au bomba la moshi hukauka mara moja na kuacha doa tu.

Jioni, sehemu za injini zipanguswe kwa kitambaa kikavu, kisha boksi safi lililofunguliwa litandazwe chini ya lori. Asubuhi doa litaonyesha upande wa kuanzia. Hata hivyo, mahali maji yanapodondokea si lazima pawe ndipo yanapotokea. Maji hufuata chuma kuteremka, na feni huyarusha nyuma. Fundi afuate unyevu kwenda juu hadi sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Kulanti iliyokauka huacha ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi kadiri ya rangi yake, na ukoko huo ni shahidi hata pakiwa pamekauka.

Sehemu za kukaguliwa ni hizi:

1. Mpira wa juu na wa chini wa rejeta, pamoja na klampu zake. Mpira uliovimba, uliopasuka au unaolegea kama kitambaa ubadilishwe.
2. Rejeta yenyewe, hasa maungio ya tenki zake za juu na chini au za ubavuni, na mahali inapofungwa kwenye chesi. Mtikisiko wa barabara mbovu hupasua pembe.
3. Wota pampu. Chini yake kuna kitobo kidogo kilichowekwa makusudi. Doa kavu hapo si jambo la kutisha, bali matone yanayofuatana yana maana kwamba sili ya ndani imekwisha.
4. Vifuniko vya chuma vya mviringo vilivyo ubavuni mwa bloku, ambavyo huliwa na kutu kutoka ndani.
5. Ndani ya kabini. Zulia lililolowa, kioo kinachoingia ukungu wenye mafuta na harufu tamu ni dalili kwamba rejeta ndogo ya hita inavuja.

Yapo pia maji yanayodanganya. Maji meupe, yasiyo na harufu wala utelezi, yanayodondoka chini ya kabini baada ya kiyoyozi kutumika, ni unyevu wa hewa tu. Maji yanayotoka kwenye matenki ya upepo wa breki nayo hayahusiani na rejeta. Mtu aguse kwa kidole na anuse, lakini asionje. Kulanti ni sumu.

Hatua ya tatu: kupima kwa presha

Macho yasipopata kitu, itumike pampu ya mkono ya kupimia mfumo wa kupoza. Kifaa hiki hufungwa mahali pa mfuniko, kisha fundi hupampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, wala si zaidi. Lori huachwa kwa dakika 20, injini ikiwa imezimwa. Geji ikishuka, upo uvujaji, na mara nyingi maji huanza kujitokeza mahali palipokuwa pakavu. Geji isiposhuka, mfumo umeshika presha ukiwa baridi, na orodha ya washukiwa hupungua.

Kifaa hicho hicho hupima mfuniko wenyewe. Mfuniko unaoachia presha mapema hupoteza maji bila kuacha tundu lolote katika injini. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine katika mfumo huu, lakini mara nyingi hukumbukwa mwisho.

Hatua ya nne: kuuliza ndani ya injini

Maji yakiendelea kupungua bila tone kuonekana nje, yawezekana yanaingia kwenye oili, kwenye silinda, au yanasukumwa nje na hewa iliyoingia mahali pasipo pake.

Oili ikaguliwe kwa dipstiki na chini ya mfuniko wa kujazia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au kiwango chake kimepanda bila kuongezwa, maji yameingia. Lori hilo lisiwashwe tena. Oili yenye maji haiwezi kulinda beringi za krenkshafti, na mwendo mfupi tu waweza kuziharibu. Lisukumwe au livutwe.

Wakati mwingine oili huonekana ikielea katika tenki la maji, na oili ya injini ikabaki safi. Mshukiwa wa kwanza hapo ni oili kula, kwa sababu injini inapofanya kazi presha ya oili huwa kubwa kuliko ya maji, hivyo oili ndiyo huvuka. Kwenye malori yenye ritada inayopozwa kwa maji ya injini, oili ya giaboksi nayo ikaguliwe.

Moshi nao husema. Moshi mweupe unaowasha macho wakati wa asubuhi na kupotea injini inapopata joto mara nyingi ni dizeli isiyoungua vizuri. Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoungua. Katika malori ya kisasa yanayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, moshi huo hupozwa kwanza katika kula yake maalumu. Kula hiyo ikipasuka, maji hupotelea kwenye moshi bila kuacha alama nje, na dalili hufanana na za hedi iliyoharibika. Ikaguliwe kabla ya hedi kuguswa.

Hatari kubwa zaidi ni maji yanayojaa juu ya pistoni usiku. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo injini ikipigwa stata asubuhi, mkono wa pistoni hupinda. Stata inayogoma ghafla kwenye lori linalopoteza maji isilazimishwe.

Mapovu: hedi au kompresa?

Hapa ndipo wamiliki wengi hupoteza fedha, na mfano ufuatao utasaidia. Chukulia malori mawili yanayolazwa eneo moja hapa Kibamba. Kila moja hupoteza lita 3 katika safari ya Morogoro, kwenda na kurudi. Madereva wote wawili wanaambiwa kwamba gasketi ya hedi imekufa.

Lori la kwanza linapampiwa presha likiwa baridi. Geji inashuka, na klampu ya mpira wa chini inaanza kutoa matone. Kazi inaisha kwa klampu mpya na kulanti ya kujazia.

Lori la pili linashika presha kwa dakika 20. Nje ni kukavu, na oili ni safi. Injini inapowashwa ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi, mapovu yanapanda kwenye tenki mfululizo. Kwa mafundi wengi hukumu imekwisha kutolewa hapo. Lakini malori yenye breki za upepo yana kompresa, na kompresa hiyo nayo hupozwa kwa maji ya injini. Gasketi yake ikiharibika, upepo huingia katika maji na kuyasukuma nje kupitia mfuniko, kama vile gasketi ya hedi ifanyavyo.

Namna ya kuwatenganisha washukiwa hawa ni rahisi. Kwanza matenki ya upepo yamwagwe hadi yawe tupu, lori likiwa na vigingi. Injini iwashwe ikiwa baridi na mapovu yatazamwe wakati kompresa inajaza. Matenki yakijaa, kompresa hupumzika. Mapovu yakikoma au kupungua sana wakati huo, kosa liko kwenye kompresa. Yakiendelea vilevile, hedi au gasketi yake ndiyo ya kutiliwa shaka. Ikiwa maji yaliongezwa karibuni, hewa iliyonaswa iachwe itoke kwanza, na mfuniko urudishwe kabla joto halijapanda.

Uthibitisho wa mwisho ni dawa ya kupima moshi, kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye kifaa juu ya mdomo wa rejeta. Hewa inayotoka humo ikiwa na moshi wa injini, rangi hubadilika kuwa kijani au njano. Upepo wa kompresa haubadilishi rangi hiyo.

Maji ya kuongezea

Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi. Maji hayo hujenga magamba ndani ya rejeta na kula chuma. Katika injini nyingi kubwa za dizeli, silinda huwa na slivu zinazoguswa moja kwa moja na maji. Mtikisiko wa slivu hutengeneza vipovu vinavyopasuka juu ya chuma na kukichimba kidogo kidogo hadi kutoboka. Dawa iliyomo katika kulanti hujenga utando wa kuzuia hali hiyo. Anayeongeza maji matupu kila siku huipunguza dawa hiyo hadi ikose nguvu, hivyo dumu la maji lililokusudiwa kuokoa injini huanza kuitoboa.

Kulanti ichanganywe na maji yaliyosafishwa kwa kiwango kinachotajwa na mtengenezaji wa injini, mara nyingi nusu kwa nusu. Rangi isitumiwe kama kigezo pekee cha kuchagua aina, kwa kuwa aina tofauti huweza kuwa na rangi moja. Dawa za unga za kuziba matundu zisigeuzwe matengenezo, maana huweza kuziba pia njia nyembamba za rejeta na hita.

Wajibu kwa majirani

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayovutia watoto, mbwa na mifugo. Mtoto akiinywa, huweza kuonekana kama mlevi, kisha figo zake zikaharibika. Apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili, na chombo cha kulanti kichukuliwe ili daktari akione.

Kwa sababu hiyo, maji yanayotolewa kwenye rejeta yakingwe kwa beseni na kuhifadhiwa katika madumu yenye mifuniko na maandishi. Yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima, na madumu yake yasitumike tena kwa maji ya kunywa au mafuta ya kula. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga vitu vya hatari katika mazingira, na wamiliki wa gereji wanaweza kupata maelekezo kwa afisa afya na afisa mazingira kupitia ofisi ya mtendaji wa kata.

Maswali kabla ya kukubali hedi ifunguliwe

Mmiliki wa lori ana haki ya kumuuliza fundi wake maswali haya, na fundi mwenye ujuzi hatakasirika:

1. Rekodi ya siku kadhaa inaonyesha maji hupungua wakati gani?
2. Mfumo umepampiwa presha ukiwa baridi? Geji ilishuka kwa kiasi gani?
3. Mfuniko umepimwa?
4. Oili ya injini na ya giaboksi zimekaguliwa?
5. Mapovu yametazamwa kompresa ikijaza na ikipumzika?
6. Kula ya moshi na oili kula zimechunguzwa?
7. Dawa ya kupima moshi imebadilika rangi?

Majibu ya maswali haya yaandikwe katika daftari lile lile la maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini kabla ya kuziba, ufa huo sharti upatikane.